Hivi SD-WAN ni kitu kipya kweli au ni VPN ileile imevalishwa suti?

#1 NyayaNne
Wakuu heshima kwenu. Niko kitengo cha TEHAMA kwenye kampuni ya matawi 40 hivi. Kazi yangu miaka yote ni ya mezani, kompyuta haiwaki naitwa, printa imemeza karatasi naitwa. Sasa miezi mitatu iliyopita wakang'oa laini za MPLS (laini binafsi za mtoa huduma) wakaleta hii SD-WAN, mtandao wa matawi unaoongozwa na programu, kila tawi likawekewa faiba mbili za intaneti ya kawaida kutoka makampuni mawili tofauti, alafu jamaa aliyekuwa anasimamia mtandao akapata kazi kwingine akasepa, nikaambiwa wewe si unajua kompyuta, shika.

Wiki ya pili hii nakesha nasoma. Kila ninachofungua kimejaa maneno makubwa lakini nikiingia kwenye ruta naona IPsec ya kusimba data, naona rauting ya kuchagua njia, naona vitu vilevile tulivyosoma chuoni tukavisahau jioni ya mtihani. Kwaiyo hoja yangu ni hii, mnitukane mkitaka: SD-WAN ni VPN ileile, taneli ya siri juu ya intaneti, imevalishwa suti. Anayebisha aje na sababu.

La pili, kila siku saa nne asubuhi na tena mida ya saa tisa alasiri mikutano ya video inaharibika, mtu anaongea kama yuko ndani ya pipa, kimya sekunde mbili tatu, anarudi, anapotea tena. Dashibodi yote kijani. Kijani kabisa wakuu, nimeanza kuichukia hiyo rangi.

La tatu, nianzie wapi kujifunza kabla sijafukuzwa?

#2 Nimekaa_Pale
Ngoja waje wenye fani. Nipo siti ya nyuma.

#3 MkiaWaNge
Mleta mada uko sahihi asilimia mia. Biashara tu hiyo. VPN ilishazoeleka haina mvuto wakaipa jina jipya na dashibodi yenye ramani. Mimi 2009 nilikuwa na Linux mbili na taneli katikati na hakuna aliyeniita mvumbuzi.

#4 MzeeWaKonsoli
@MkiaWaNge ngoja nikupe hesabu kwanza. Matawi 40, kila moja liongee na kila jingine moja kwa moja bila kupitia makao makuu. Taneli ngapi?

#5 MkiaWaNge
40 mara 40, 1600. Hesabu ya darasa la tatu hiyo mzee

#6 Bi_Sabneti
Kwa 1600 umeliruhusu tawi lijipigie simu lenyewe 😂 na kila jozi umeihesabu mara mbili. 40 × 39 ÷ 2 = 780.

#7 MzeeWaKonsoli
Asante dada. Na kila tawi lina laini mbili, kwaiyo kila jozi ina njia nne, 780 × 4 ni 3120. Haya kaa chini uandike IPsec za taneli 3120 kwa mkono, ukimaliza la mwisho uanze kubadilisha funguo za la kwanza, na siku tawi la 41 linafunguliwa uguse ruta zote 40 zilizopo.

Taneli zenyewe ni zilezile, hapo dogo kasema kweli, IPsec ni IPsec. Kilichohama ni akili. Zamani ilikaa ndani ya kila ruta, unaingia moja moja kwa konsoli hadi usiku wa manane, na ukikosea herufi tawi la mbali linapotea unaanza kutafuta nauli. Sasa hivi ruta ya tawi ikiwashwa inajitambulisha kwa cheti, kontrola, programu kuu ya mtandao, inaipa orodha ya wenzake, funguo na sera: sauti ipite wapi, mafaili yapite wapi, wageni wa Wi-Fi watoke wapi. Alafu inapima kila njia muda wote. Ile taneli yako ya 2009 ilijua laini iko hai au imekufa basi. Laini iliyo hai lakini inaumwa haikuijua, na laini za intaneti nyingi hazifi, zinaumwa.

#8 MkiaWaNge
Mzee DMVPN ya Cisco ilikuwepo zamani sana, taneli zinajijenga zenyewe matawi yakihitajiana. Bado naona suti.

#9 MzeeWaKonsoli
Hiyo hoja naipokea, DMVPN nimeilea mwenyewe. Lakini ukitaka ichague njia kwa kupima ubora ulikuwa unaipandishia PfR juu yake, na aliyewahi kuiweka PfR anajua mvi zangu zimetoka wapi.

#10 Zuzu_la_Mtandao
Nyie wote mmesahau historia. SD-WAN imegunduliwa na Google, kisha Cisco akaitoa sokoni 2017. Mambo ya DMVPN hayahusiki hapa.

#11 Kipimajoto
@Zuzu_la_Mtandao umechanganya mafaili. Cha Google kinaitwa B4, waliandika kuhusu hicho 2013, ni mtandao wao binafsi wa kuunganisha data senta zao na zile laini ni zao wenyewe, wanazijaza wanavyotaka kwa sababu wanajua mzigo upi unaweza kusubiri. Tawi lenye watu 12 na modemu juu ya kabati halihusiani na B4 isipokuwa wazo la kutenganisha maamuzi na usafirishaji.

Na 2017 Cisco hakuitoa, aliinunua. Alinunua kampuni ya Viptela iliyoanzishwa 2012. Mwaka huohuo wa 2017 VMware wakachukua VeloCloud, Broadcom wakaja kuimeza VMware yenyewe 2023, na 2025 VeloCloud ikauzwa tena kwa Arista. Silver Peak nao walichukuliwa na HPE 2020. Kwaiyo dogo unapojifunza usijifunze vitufe vya dashibodi, mana vitufe vinahama na mwenye mali.

#12 Zuzu_la_Mtandao
Sawa profesa 🙌 nimeuliza njia nimepewa ramani

#13 PaketiIliyopotea
Mi naona kosa ni kung'oa MPLS. MPLS ni salama imesimbwa mwanzo mwisho, intaneti kila mtu anapita. Mkuu waambie mabosi warudishe.

#14 Bi_Sabneti
Hapana kaka, hii nimeisikia mara nyingi sana hata kwa watu wa mitandao. MPLS haisimbi kitu. Inabandika lebo mbele ya paketi (kipande cha data), ruta za mtoa huduma zinasoma lebo badala ya kutafuta anwani nzima, na wateja wanatenganishwa kwa hizo lebo na meza zao za rauting. Data yako ndani iko uchi vilevile. Unamwamini mtoa huduma, ndo usalama wenyewe huo. SD-WAN kinyume chake inasimba kila kinachopita kwenye taneli tangu kinatoka tawini, kwa sababu haimwamini mtu yeyote njiani.

Ambacho MPLS ilikuwa nacho na mleta mada amekipoteza ni foleni. Paketi ya sauti unaipiga muhuri wa kipaumbele DSCP 46, mtoa huduma kwa mkataba anaipitisha mbele. Kwenye intaneti ya kawaida huo muhuri ukitoka nje ya mlango wako hakuna anayeujali, sauti inasimama foleni moja na mtu anayeshusha apdeti.

#15 PaketiIliyopotea
Daah. Miaka sita nawaambia watu imesimbwa

#16 Nimekaa_Pale
Futa post mkuu tusijue 🤣

#17 Kipimajoto
Turudi kwenye mgonjwa. @NyayaNne laini zina kasi gani kushusha na kupakia, na saa nne kuna nini hapo ofisini?

#18 NyayaNne
Kila laini megabiti 50 kushusha, 10 kupakia. Saa nne... aisee ngoja. Saa nne seva ndogo ya kila tawi inatuma bakapu makao makuu. Jamaa aliyesepa aliiweka saa nne eti usiku umeme hauaminiki.

#19 Kipimajoto
Basi nusu ya jibu umelishika. Chukua modemu ina bafa (chumba cha paketi kusubiria) ya megabaiti 1, ambayo si ajabu. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Laini ya kupakia inatoa megabiti 10 kwa sekunde. Bakapu ikiijaza ile bafa, kila paketi inayoingia nyuma inasubiri sekunde 0.8 kabla haijatoka nje ya jengo. Mapendekezo ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kwa mazungumzo ni milisekunde 150 kwenda upande mmoja, wewe uko 800 na bado hujafika hata barabarani. Hakuna paketi iliyodondoka, zote zimefika, zimechelewa tu kama wageni wa heshima.

Dawa: iambie ruta yako itoe 9 tu badala ya 10. Foleni itajijenga kwenye ruta yako, ambako sauti ina mlango wa mbele, badala ya kujijenga kwenye modemu ambayo haijui sauti wala bakapu.

#20 MzeeWaKonsoli
Hapo nina swali @Kipimajoto. Ingekuwa bafa ya modemu, paketi za kupima za SD-WAN nazo zinapita modemu hiyohiyo, zingechelewa nazo na dashibodi ingepiga kelele. Kasema kijani.

#21 Bi_Sabneti
@NyayaNne fungua sera ya sauti utuandikie vikomo vilivyomo, kimoja kimoja.

#22 NyayaNne
Nimefungua. Upotevu wa paketi 1%. Jita (kuyumba kwa muda wa paketi kufika) milisekunde 30. Kuchelewa milisekunde 1000.

#23 Bi_Sabneti
Elfu moja?

#24 NyayaNne
1000

#25 Bi_Sabneti
Kuchelewa sekunde nzima kunahesabika ni kuzuri kwa sauti? Nani kaandika hivyo 😭

#26 NyayaNne
Aliyesepa.

#27 Nimekaa_Pale
Aliyesepa anastahili uzi wake

#28 MzeeWaKonsoli
Haya nimejibiwa, kijani ya 800 chini ya kikomo cha 1000. Lakini ile kimya ya sekunde mbili tatu haielezwi na bafa. Bafa inachelewesha, sauti inakuja imechoka na mnaanza kuongea mkigongana. Kimya kabisa alafu anarudi, hiyo ni kitu kingine, naweka dau kwenye muda wa kupima.

Hukusema vifaa vyako ni chapa gani, kwaiyo natolea mfano ile ninayoijua, ya Cisco iliyotokana na Viptela, mipangilio ya kiwandani. Inatuma paketi moja ya kupima kila sekunde kwenye kila taneli. Ili iseme njia imekufa inasubiri 7 zipotee mfululizo. Ili iseme njia ina ubora mbaya, inakusanya vipimo vya dakika 10, yaani paketi 600, na inatunza mafungu 6 ya namna hiyo, kwaiyo wastani unaweza kubeba saa nzima.

Sasa laini inakatika sekunde 3. Mkutano mzima unasikia. Je imekufa? Hapana, zimepotea 3, haijafika 7. Je ni mbaya? 3 kati ya 600 ni 0.5%, kikomo ni 1%. Kijani. Ugonjwa umepita katikati ya mageti mawili na walinzi wote wamepiga saluti.

#29 PaketiIliyopotea
Hii comment ibandikwe ukutani

#30 MkiaWaNge
Na bado mnalipia leseni kila mwaka kwa kitu kinachopiga saluti. Nimesema suti.

#31 NyayaNne
Mzee hapo nimeelewa kuliko wiki mbili zote. Napunguza huo muda leo usiku. Asanteni.

#32 Kipimajoto
Usipunguze kwa pupa!! punguza kidogo kwenye tawi moja.

#33 Fundi_Faiba
Nimechelewa. Mimi ni wa chini kabisa, nachomelea faiba, mambo ya sera siyajui. Ila nauliza: hizo laini mbili zinaingia jengoni kwa matundu mawili?

Nauliza kwa sababu kuna mteja alinunua intaneti kwa makampuni mawili tofauti kabisa, mikataba miwili, ankara mbili, rangi mbili za kebo ukutani. Siku hiyo kijiko kinachimba mtaro wa maji mita kama 200 kutoka kwake, vikafa vyote kwa pamoja. Nilivyoshuka kwenye shimo nikakuta bomba moja la chungwa limepasuliwa kama muwa na ndani yake kebo mbili zimelala zimekumbatiana, mmoja alikuwa amekodi nafasi kwenye bomba la mwenzake. Mteja ananiuliza kwani sikulipia mbili? Nikamwambia umelipia mbili bosi, zimepita njia moja.

#34 Bi_Sabneti
Hili wanaobuni mitandao wengi wanalipita. Unachora mawingu mawili kwenye mchoro, moja bluu moja jekundu, unaona umemaliza. Omba ramani ya njia ya kebo kabla hujasaini. Wakigoma kukupa, laini ya pili chukua ya hewani hata kama ni ya polepole, angalau kijiko hakichimbi hewa.

#35 Zuzu_la_Mtandao
Swali la kizembe, kwa nini wasiwashe ile ya kurudufu paketi, kila paketi ya sauti ipite laini zote mbili, itakayofika kwanza ndo hiyo?

#36 Kipimajoto
Sio la kizembe, wengi wanafanya. Mkondo mmoja wa sauti ya simu kwa mtindo wa G.711 ni paketi 50 kwa sekunde, baiti 200 kila moja na vichwa vya IP, kilobiti 80. Ukivalisha IPsec unapita 100. Kurudufu sauti ni bei poa. Video ni habari nyingine, na mleta mada ana 10 tu za kupakia na bakapu inazinywa, kwaiyo utakuwa unaongeza wageni kwenye foleni ileile. Kuna pia ile ya kuongeza paketi moja ya ziada kila baada ya nne, ikipotea moja wapo inajengwa upya kutokana na zilizobaki. Inasaidia ikidondoka moja moja. Zikidondoka sekunde tatu mfululizo ni paketi 150, hakuna cha kujenga.

#37 PaketiIliyopotea
Mi nasema ni MTU, ukubwa wa juu wa paketi njiani. Kila tatizo la taneli ni MTU hadi ithibitishwe vinginevyo. Pima hivi kutoka Windows, mwishoni ongeza anwani ya kompyuta ya tawi lingine:
`ping -f -l 1472`
Ikigoma shusha hadi ipite, ongeza 28 juu ya namba iliyopita, ndo ukubwa halisi wa njia yako. IPsec inakula baiti 50 hadi 80 hivi, na kama mtu njiani amezuia ICMP (ujumbe wa kutoa taarifa za njia) basi paketi kubwa zinakufa bila taarifa.

#38 NyayaNne
Imepita kwenye 1394.

#39 PaketiIliyopotea
1394 + 28 = 1422. Umeona! MTU!

#40 Bi_Sabneti
Kaka 1422 ni kawaida kabisa ndani ya taneli. Na paketi ya sauti ina baiti 200, inapita kwenye tundu la sindano, MTU haiigusi. Hata video za mikutano kwa kawaida zinakatwa kwenye 1200 na kitu ili zisikutane na hili tatizo. Ukiniambia ukurasa wa wavuti unafunguka nusu unaganda, au faili linaanza kwenda linasimama, hapo nitakuunga mkono na tutashusha MSS (ukubwa wa data ndani ya paketi) hadi 1360 pamoja.

#41 PaketiIliyopotea
Leo si siku yangu

#42 Chanda_na_Pete
Wakuu samahani natoka nje ya mada kidogo, mimi kama mleta mada najifunza. Nimepewa ushauri wa aina mbili, mmoja ananiambia chukua maabara ya venda fulani kabisa anza na SD-WAN, mwingine anasema rudi kwenye sabneti (kugawa anwani) na BGP (ruta kupeana njia) kwanza miezi sita. Nani mkweli?

#43 MzeeWaKonsoli
Wa pili. Yote tuliyoyasema humu kuanzia juu hakuna hata kimoja ni SD-WAN. Foleni, bafa, MTU, wastani, bomba la faiba. SD-WAN imepita tu kama kofia.

#44 Kipimajoto
Napinga kwa heshima. Miezi sita ya BGP bila kuona inatumika wapi mtu anakata tamaa. Jenga yako mwenyewe. Mashine tatu za Linux, VPN ya WireGuard katikati, programu ya FRRouting kwa ajili ya BGP juu ya taneli, alafu iharibu laini moja kwa makusudi:

`tc qdisc add dev eth0 root netem delay 80ms 15ms loss 1%`

Hapo umetengeneza laini mgonjwa. Andika kaskripti kanachopiga pingi njia zote mbili kila sekunde na kubadilisha njia ikizidi kikomo. Siku utakapokuta skripti yako inarukaruka kati ya laini mbili kila nusu dakika kama kuku anayevuka barabara, utaelewa kwa nini venda anatumia wastani wa dakika 10. Mimi ilinichukua wikiendi mbili na nilijifunza kuliko kozi.

Na ukimaliza, pima mwendo wa faili kwa programu ya iperf3 kwenye hiyo 1%. Kanuni ya zamani ya TCP (utaratibu wa kusafirisha mafaili), gawa ukubwa wa paketi kwa muda wa kwenda na kurudi, zidisha 1.22, gawa kwa kipeuo cha pili cha upotevu. Milisekunde 100 na 1% inakupa megabiti 1.4 hivi. Hata laini iwe ya 100.

#45 MzeeWaKonsoli
Ongeza kwamba hiyo kanuni ni ya TCP ya kizamani. Ukiwasha BBR, utaratibu mpya wa TCP kupanga kasi, namba itapanda sana mana yenyewe haichukulii kila paketi iliyodondoka kama msongamano. Asije akapima akakuta 60 akasema tumemdanganya.

#46 Kipimajoto
Kweli, nimeisahau hiyo. Linux nyingi zinakuja na CUBIC, utaratibu mwingine wa TCP, nayo itakupa namba tofauti kidogo na hiyo yangu.

#47 Bi_Sabneti
@Chanda_na_Pete mimi nasimama kwenye kitu kimoja tu, mpango wa anwani. Nimeona kampuni mbili zinaungana, watu wameshapeana mikono huko juu, huku chini kampuni zote mbili makao makuu ni 10.0.0.0/24 na matawi yote ni 192.168.1.0/24 kwa sababu ndivyo modemu ilivyokuja. Tulikaa miezi tunaandika NAT (kubadilisha anwani njiani) juu ya NAT, printa moja ilikuwa na anwani tatu kutegemea nani anaiita. Chukua 10.0.0.0/8, kila tawi lipe /20 lake, yaani fungu lake la anwani, ndani una vipande 16 vya /24: wafanyakazi, simu, kamera, wageni, vingine viache vilale. Tawi zima linatangazwa kama njia moja. Dashibodi yoyote ije, hiyo kazi haiharibiki.

#48 Nimekaa_Pale
Printa yenye anwani tatu ina familia

#49 MkiaWaNge
Halafu hakuna aliyegusa usalama. Tawi likitoka intaneti lenyewe bila kupitia makao makuu, ile fayawoli kubwa mliyonunua inalinda nini? Viti?

#50 Bi_Sabneti
Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na wewe. Ndo maana 2019 Gartner, wale wachambuzi wa soko la teknolojia, wakaja na jina SASE, fayawoli na ukaguzi vinahamia kwenye klaudi na tawi linatoka kupitia huko. Wengine wanaweka fayawoli ndani ya ruta ya tawi. Wengine bado wanarudisha kila kitu makao makuu, mtu anafungua Teams iliyo mtaa wa pili, paketi inasafiri kilomita 1000 kwenda kukaguliwa na 1000 kurudi. Mwanga ndani ya faiba unatembea kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwaiyo hapo umetupa milisekunde 10 bure kwa ombi, na 10 nyingine jibu likipita njia hiyohiyo, kabla hujahesabu foleni za njiani.

#51 MkiaWaNge
SASE. Suti na tai.

#52 NyayaNne
Wakuu nimerudi na habari mbili.

Siku ya kwanza niliposhusha muda wa kupima niliweka matawi yote (samahani @Kipimajoto nilisoma comment yako asubuhi yake). Dashibodi ikawa kama taa za disko, laini zinabadilishana kila dakika, watu wakaanza kupiga simu mezani kwangu hata wale wasiokuwa na mkutano. Nimerudisha.

Siku ya pili nimefanya kwa adabu, tawi moja. Bakapu nimeipeleka saa nane usiku, ruta inatoa 9 badala ya 10, kikomo cha kuchelewa nimeandika 150. Saa nne mkutano umeenda safi kabisa, mtu kacheka na nimesikia kacheka.

Saa tisa alasiri ikarudi vilevile. Kimya sekunde tatu, karudi.

#53 Kipimajoto
Saa nne ilikuwa bafa. Saa tisa ni mnyama mwingine.

#54 MzeeWaKonsoli
Mageti mawili, narudia.

#55 PaketiIliyopotea
Watu wanatumia Wi-Fi au waya? Mana saa tisa watu wote wako chumba cha mikutano.

#56 NyayaNne
Chumba cha mkutano ni waya, kifaa kimefungwa ukutani.

#57 PaketiIliyopotea
Basi naondoka

#58 Bi_Sabneti
Mimi naanza kushuku SD-WAN yenyewe. Saa tisa trafiki inapanda, laini A inavuka kikomo cha 150 ulichoweka jana, ruta inahamisha mkutano kwenda laini B katikati ya maongezi, anwani ya nje inabadilika, programu ya mkutano inalazimika kuungana upya. Hiyo inachukua sekunde kadhaa. Dawa imekuwa ugonjwa.

#59 MzeeWaKonsoli
Lakini saa tisa ilikuwa inakatika hata kabla hajaweka 150.

#60 Bi_Sabneti
Jita 30 ilikuwepo. Inaweza kuwa ilikuwa inahama kwa jita. Angalia kumbukumbu za ruta saa tisa kama kuna neno la kuhama njia.

#61 Fundi_Faiba
Mi bado nasubiri jibu la matundu mangapi

#62 NyayaNne
Mzee wa faiba umenishtua nikaenda kuangalia. Ukutani matundu mawili, hapo niko salama. Ila nikapata wazo, nikapiga `tracert` (inaonyesha kila ruta ya njiani, yaani hopu) kwa laini ya kwanza, alafu nikaingia kwenye sera nikasema sasa trafiki itumie laini ya pili, nikapiga tena. Hopu ya tatu hadi ya sita anwani ni zilezile!! Kampuni mbili tofauti zinapita kwenye ruta moja. Yaani tumeuziwa laini moja mara mbili.

#63 Fundi_Faiba
NILISEMA

#64 MkiaWaNge
Hii sasa ndo taarifa ya uzi. Wapelekwe mahakamani

#65 Nimekaa_Pale
Siti ya nyuma imesimama 🤣🤣

#66 MzeeWaKonsoli
Taratibu. @NyayaNne hiyo tracert umepiga kutoka wapi, ndani ya ruta ukichagua mlango wa kutokea, au kutoka kompyuta yako?

#67 NyayaNne
Kompyuta yangu.

#68 MzeeWaKonsoli
Na ile sera uliyobadilisha, ni ya trafiki gani?

#69 NyayaNne
Ya sauti

#70 Bi_Sabneti
Na tracert ni sauti?

#71 NyayaNne
...

#72 NyayaNne
Kwaiyo zote mbili zimepita laini ya kwanza.

#73 Nimekaa_Pale
Siti ya nyuma imekaa

#74 MzeeWaKonsoli
Kesho saa tisa kasoro tano ingia kwenye ruta yenyewe, piga kutoka mlango wa kwanza, kisha wa pili, na hizo kumbukumbu alizosema Bi Sabneti uzibebe. Tupo.